Ngazi Yetu Imezibwa

Nyumbani,
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Habari za huko, na mgongo wako umepoa? Shemeji hajambo? Na mwanangu, ameanza kutembea au bado anajiburuta kwa makalio? Sisi huku wazima. Bibi magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujazeeka hata kidogo.

Tangu nimalize shule nyumba imekuwa kubwa mno. Baba na mama wanakwenda kazini, bibi anasinzia kitini, na wenzangu wa darasani kila mmoja ameshika njia yake. Kuna siku jioni inanikuta sijatamka maneno kumi. Kimya, jina ulilonipa kwa utani, sasa limenikaa kama la kwenye cheti.

Habari kubwa ni ya ngazi. Unakumbuka ilivyokuwa wazi, nasi tukijificha chini yake wageni wakija, tukiwatambua kwa visigino vyao? Ulipoondoka niliendelea kukaa pale peke yangu na kitabu. Mama akachoka. “Msichana mzima unajikunyata chini ya ngazi kama paka! Nataka stoo hapo.” Kweli, ndoo, masufuria makubwa na viti vya kukunja vilikuwa vimejaa koridoni.

Fundi seremala alikuja Jumatatu. Akapigilia mbao ubavuni, akaziba na mianya ya vidato ili vumbi lisidondoke ndani. Mlango akaukata mshazari kufuata mteremko wa ngazi, bawaba akazifunga upande ule mfupi. Mama alishikilia kwamba mlango ufungukie ndani, maana korido ni finyu na ungemgonga bibi. Jumatano fundi akausukuma mbele yetu sote. Ukafunguka kiasi cha kiganja, ile ncha yake ndefu ikagota kwenye ngazi. Hakuna aliyefikiria kwamba dari ya humo ni ngazi yenyewe, na inashuka.

Bibi akasema, “Hongera, fundi. Umewajengea panya jumba.” Mama alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akasema basi, kesho atahamishia bawaba upande mrefu, akaenda zake.

Penseli yake aliisahau kwenye kidato. Kwenye mbao zile nikachora droo tatu za magurudumu, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuata mteremko, kila moja ikivutwa nje na kurudishwa. Sikumwambia mtu.

Asubuhi nikasikia fundi akiuliza, “Nani kachora hapa?”

“Muulize huyo aliyejibanza nyuma ya pazia,” bibi akajibu.

“Binti, hii ndogo iingie ndani kiasi gani?”

Nikasema, “Sawa na upana wa ngazi.” Maneno matano, dada, tena kwa sauti ya mbu. Lakini fundi alivua kofia, akakuna kichwa, akaanza kung’oa mlango.

Droo zimekamilika jana. Zinateleza vizuri kiasi kwamba mama huzivuta hata akiwa hatafuti kitu. Nilifurahi, halafu nilipobaki peke yangu nikaona nilichofanya. Ningenyamaza, fundi angehamisha bawaba tu, nami ningebaki na kijumba chenye mlango. Sasa humo hamwingii mtu, na aliyepaziba ni mimi mwenyewe. Jana nimesomea jikoni, nimeegemea gunia.

Kuna jambo moja zaidi. Fundi alipokuwa anakusanya misumeno yake aliniambia, “Karakana yangu ina watu wa kupiga misumari, wa kuchora sina. Zungumza na baba yako, Jumatatu uje tuanze.” Lakini baba ameshanichukulia fomu ya chuo cha ukarani, na Jumatatu hiyo hiyo ndiyo mwisho wa kuirudisha. Ameshaijaza nusu. Nataka karakana, dada. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Siku zote wewe ndiye uliyenisemea: kwa mwalimu, kwa muuza duka, hata kwa baba nilipokalia miwani yake. Kusema kweli nilianza barua hii ili nikuombe umpigie simu. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeikata. Utaona wino ulivyochafua hapo juu. Usimpigie. Baba yuko sebuleni na gazeti. Nikiibandika bahasha hii nakwenda kusimama mbele yake, nijikaze kisabuni, nimwambie. Akikataa, atakuwa amenikatalia mimi.

Nisalimie shemeji sana, na mwambie mwanangu kwamba mama mdogo anamdai tabasamu. Mama anakusalimu. Bibi anasema ule ushibe, sauti yako kwenye simu imekonda. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Kimya