Celestine Ameshika Usukani

S.L.P. 617,
Gilgil.
9 Septemba 2007.

Mpendwa mdogo wangu Nekoye,

Habari za Gaborone, na za hao watoto unaowafundisha? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi imenirudishia kikohozi, nami nakitibu kwa tangawizi na kununa. Viazi kutoka Mau Narok vimekuja vizuri mwaka huu na mzee wangu amenenepa. Usimwambie kwamba nimesema.

Sasa nikupe habari yenyewe kabla sijapasuka. Celestine wetu ni dereva wa boti kule Ziwa Naivasha. Si wa kuosha boti tena, wala wa kuwafungia wageni majaketi ya kujiokoa. Yeye ndiye anayeshika usukani. Nimeshawaambia wote sokoni, hata wale ambao hawakuuliza.

Unajua alivyohangaika. Mafunzo ya usalama majini aliyamaliza kitambo: kila abiria avae jaketi, watu wapangwe kwa uzito, mtu asisimame boti ikiwa mwendoni, viboko waachiwe nafasi yao. Lakini Jaydeep, mwenye boti, alikuwa hamwachii usukani. Nilimfuata nikamuuliza sababu. Akaniambia, "Mama, kuendesha anajua sana. Shida ni watu. Huko ndani mtu mzima akikataa kumsikia, huyu msichana atamfanya nini?" Roho iliniuma.

Mwishowe akasema atampima kwa watu wa kwao, kwa sababu hao ndio wagumu. Akishindwa, arudi kwa ndoo na brashi. Basi Jumamosi tukaenda: mimi, dada yake Nelima na mumewe Ogola, ambao walitoka Nakuru wakapitia Kikopey kutubebea nyama. Jaydeep alikaa nyuma kabisa, kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Balaa ilianzia kwenye kukaa. Celestine alitupanga kwa uzito. Benchi la katikati ni la wazito, na wazito, sikufichi, ni mimi na mkwe wangu. Wewe wajua kwetu mama mkwe na mkwe hawakai benchi moja, na kwao Ogola ni vivyo hivyo. Tangu amwoe Nelima sijawahi kumpa mkono. Huwa tunasalimiana yeye akiwa mlangoni na mimi jikoni. Lakini bosi wa mtoto alikuwa anatazama, nikatia mdomo kufuli. Nilikaa ukingo huu, Ogola ukingo ule, kila mmoja akitazama maji ya upande wake.

Tulitembea vizuri, tukaona ndege na hata twiga huko ukingoni. Wakati wa kurudi upepo wa alasiri ukaamka. Wimbi likatupiga ubavuni, Ogola akateleza kwenye benchi mpaka goti lake likagusa langu. Nekoye, sikufikiria. Niliinuka nihamie mbele kwa Nelima. Boti ikalala upande, maji yakaingia, Nelima akapiga mayowe, na pale karibu na mafunjo viboko walikuwa wametoa masikio wakitutazama.

Celestine hakupiga kelele. Alipunguza mwendo, akaielekeza boti kwenye wimbi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, kaa chini hapo hapo. Mshike Ogola mkono."

Nikakaa. Nikamshika. Alinipa vidole viwili tu, maskini, nadhani kwa haya zaidi ya woga. "Pole, Mama," akanong'ona akiangalia viatu vyake. Tulikwenda hivyo, bega kwa bega, mpaka gatini.

Jaydeep alishuka wa kwanza, akafunga kamba, akamwambia binti yangu, "Wageni wa kesho asubuhi ni wako." Nelima alilia, nami nikajifanya natafuta kiatu.

Ogola amemtuma mkewe aniulize tutausafishaje mwiko huu tuliouvunja. Nimesema wazee watapanga: yeye alete mbuzi, mimi nitamtafutia blanketi, yaishe. Wanaotaka kunisema waniseme.

Mpe salamu shemeji Waithaka, na mwanao Travis umwambie picha yake ya shule nimeitundika sebuleni. Baba Celestine na Nelima wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila uendako, akulindie nyumba yako, na akurudishe kwetu ungali unacheka.

Ila hili nalo ulijue kabla sijafunga bahasha. Tangu tumzike mama, hakuna mtu aliyewahi kuniamuru neno nikatii papo hapo. Mume wangu ameacha hata kujaribu. Huyu mtoto niliyemzaa mimi aliniambia kaa, nikakaa.

Dada yako akupendaye siku zote,
Rosalia