Ufunguo wa Pikipiki Nimekuachia

Baba Advera,

Maharage yanamalizikia kuiva ndani ya kapu la pumba, bila gesi. Usilifunue kabla ya saa saba. ~~Ugali songa kwenye jiko la gesi.~~ Ugali songa kwa mkaa. Gesi ni ya chai ya jioni.

Tangu petroli ipande unakwenda shambani Ntalikwa kwa baiskeli, nami nikakutania kwamba unatafuta ujana. Asubuhi hii nimekusikia uani ukimwambia binti yetu, “Mama asijue kwamba goti linaniuma. Pikipiki abaki nayo, awahi kufundisha.” Asante sana, mume wangu.

Ufunguo uko chini ya kikombe chako. Nimeondoka na baiskeli ulipokuwa ukioga, usije ukanizuia. Leo ni zamu yangu ya kutafuta ujana.

Mama Advera