Mkate Uliorudi Kuwa Unga

Gondar, 3 Pagume 2015

Mwanangu Wubalem,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti langu limetulia, na kikohozi cha mama yako kimekwisha. Wewe na baridi ya Addis mnaelewana?

Leo ni siku ya Malaika Rufaeli na mvua yake ya baraka imenyesha. Mama yako amekinga maji yake kwa sufuria, akandie mikate ya Mwaka Mpya. Daftari la oda amelitia tanurini. Nilimzuia, akasema, "Ukurasa wa mwanangu umefanya kazi miaka mitatu. Daftari la nini?" Kwa hiyo safari hii asiyeagiza mtandaoni hapati mkate.

Ule mkate uliouchora kwenye ukurasa, ugeuke rangi kila siku ya mwezi huu mfupi wa mwisho, unaiva vizuri. Jana ulikuwa rangi ya siagi, leo ni asali. Bibi Zenebech, jirani yetu wa getini, huja kuuchungulia kwenye simu yangu kama anayechungulia jikoni kwa watu.

Baba yako

Addis Ababa, 5 Pagume

Baba, shikamoo!

Mimi mzima, ila moyo unaruka! Mkate umekuwa kahawia kamili na kitufe cha kuagiza kimejitokeza, kama nilivyopanga. Oda kumi na moja tayari, na wengi husubiri siku ya mwisho. Kesho patachimbika! Tafadhali usiguse kitu, nakujua.

Mwanao

6 Pagume, saa moja na nusu asubuhi

Wubalem,

Umeamkaje? Sisi wazima. Mkate ni mweupe. Kitufe hakionekani. Mama yako anapepeta unga na bado hajajua.

Baba

6 Pagume, saa mbili kasoro robo

Baba! Naona hivyo hivyo hapa! Nadhani faili la rangi halifiki kwenye ukurasa. Nalipakia upya sasa hivi. Usimwambie Mama!

Mwanao

6 Pagume, saa tatu

Wubalem,

Amejua. Bibi Zenebech alipiga kelele kutoka getini, "Mama Wubalem, mkate wako umerudi kuwa unga!" Mama yako akanigeukia.

"Wewe na mwanao mmenichomea daftari!"

"Umelichoma mwenyewe."

"Mwandishi wewe! Acha kuandika habari, fanya jambo!"

Unga usiokandwa kabla ya saa sita hautawahi kuumuka. Oda zisipoingia, nyumba thelathini hivi zitaamka Mwaka Mpya bila mkate, na mama yako hataniacha nilale.

Faili ulilopakia halijabadilisha chochote. Nimefanya nilichofanya gazetini miaka thelathini: nimetazama. Nimegusa pale kitufe kilipokuwa jana. Kimefanya kazi. Kwa hiyo kipo, ila ni cheupe juu ya cheupe. Jana jioni kilikuwa kahawia. Usiku hukugusa kitu, nami sikugusa. Kati ya jana na leo kimebadilika kimoja tu, tarehe.

Baba

6 Pagume, saa tatu na dakika ishirini

BABA! TAREHE!

Kila siku ya Pagume niliipa rangi yake kwenye orodha. Asubuhi skripti, ile programu ndogo ya ukurasa, inauliza, "Leo ni siku ya ngapi?", inachukua rangi ya siku hiyo na kupaka mkate na kitufe. Leo imeuliza ya sita. Orodha yangu ina rangi tano! Haikupata kitu, hailalamiki, imeacha kila kitu cheupe kama kilivyozaliwa. Miaka mitatu Pagume ilikuwa ya siku tano, nami nilipoiandika orodha nikasahau kabisa mwaka wa nne, wenye siku sita. Mhabeshi mzima!

Nimeongeza ya sita, kahawia iliyokolea. Fungua upya! Fungua, Baba!

Mwanao

Gondar, 1 Meskerem 2016

Mwanangu,

Heri ya Mwaka Mpya. Sisi wazima, goti linauma kidogo kwa kubeba kuni.

Kitufe kilirudi saa tatu na dakika ishirini na mbili. Oda ya kwanza baada ya hapo ilitoka kwa Bibi Zenebech, ambaye angeweza kupiga kelele tu. Hadi saa sita zilitimia arobaini na moja. Mama yako ameoka arobaini na miwili.

Nilimuuliza huo wa ziada ni wa nani. Akauchora mistari sita kwa kisu, akasema, "Wa yule niliyemzaa siku ya sita ya Pagume, akaisahau."

Una miaka ishirini na minane na jana ilikuwa sikukuu yako ya saba ya kuzaliwa. Mkate nimemkabidhi dereva wa basi la Addis. Kaupokee ungali laini.

Baba yako