Barabara ya Wundanyi

Changamwe, Alhamisi, Aprili 1961

Nimemdanganya mama, naye ameniamini.

Jioni tulikuwa tukipanga safari ya Taita, kwenda kumtazama dada yake aliye mgonjwa Wundanyi, juu mlimani. Mpaka Voi sina wasiwasi, hata Mwatate. Lakini kuanzia hapo ni kona na magenge, na mimi gari nimejifunzia huku tambarare. Kilima kikubwa ninachokijua ni cha Kipevu.

Badala ya kusema naogopa, nikasema mvua imekata barabara ya juu, tutaishia Mwatate.

Mama akanishika kichwa. "Alhamdulillahi, mwanangu una akili. Mwingine angejitia ushujaa akatuua."

Wallahi, afadhali angenitukana.

Nikadhani yamekwisha. Baada ya isha akaniita, uso umemchangamka. "Jirani aenda kwao Wundanyi kesho, nimempa ujumbe. Barabara ikiwa mbovu, wana wa dada watapita kwa miguu. Watamlaza mama yao kitandani, wamteremshe mabegani hadi Mwatate, tuonane naye hapo."

Na mimi, mwenye gari, nikaitikia, "Inshallah, mama."