Landrova ya Mtaa Imewaka, Bakari

Bakari ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye kelele. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwenu hapa Mji wa Kale, mlango umefungwa nyuma yangu na ufunguo umo mfukoni mwangu. Najua ungecheka. Miaka yote hukuniamini hata na ufunguo wa sanduku lako la spana. Ulisema kitu kikiingia mikononi mwangu kimekwenda baharini.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Landrova imewaka. Ile injini ya dizeli uliyoitoa kwenye matatu mbovu kule Majengo, watu wakakwambia hicho ni chuma cha kuuza kwa kilo, imekaa ndani yake na yavuta. Ya pili nitakwambia, usiniharakishe. Wewe siku zote wataka kufika mwisho wa hadithi kabla mimi sijaanza.

Waikumbuka ile siku ya Feri? Mimi nyuma ya usukani, wewe ubavuni kwangu, na nyuma yetu jeneza la yule mzee mshona kofia tuliyekuwa tukimrudisha kwao. Ile injini ya petroli iliyokuwamo ikafa nusu ya kupanda, magurudumu ya mbele ndani ya feri, ya nyuma nje. Watu wakaanza kututukana, hata walipoiona ile nguo ya kijani juu ya jeneza wakanyamaza, wakaweka vikapu vyao chini, wakaja kusukuma. Wauza njugu, wanafunzi, mama mmoja mwenye kuku. Ukashuka kichwa chini. Ukaniambia, "Sefu, gari hili kazi yake ni moja tu, kuwafikisha wafu wetu makwao. Na hiyo moja pia latuaibisha." Jioni ile ile ukasema tutatia dizeli. Mimi nikasema inshallah, kwa maana ya kwamba wewe utatia na mimi nitatazama.

Siku yako sitaieleza kwa urefu, mwenyewe ulikuwapo. Injini ilikuwa yaning'inia kwenye puli ya mnyororo, nusu ndani ya gari nusu nje. Ukanikabidhi ule mnyororo. "Shika, usiachie hata nzi akikuingia puani. Ukiachia, yatumbukia na kuikata chesisi." Nikashika. Ukakaa juu ya tairi, ukaweka mkono kifuani, ukasema tu, "Sefu, joto la leo..." Kisha ukainama polepole, kama mtu atafutaye nati iliyoanguka. Nami nimeshika mnyororo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu wakaja wakitoka msikitini, mpaka mmoja wao alipoupokea ule mnyororo mikononi mwangu, wewe ulikuwa umeshakwenda zako.

Na wewe, fundi wa gari la kuvusha wafu, tukakuvusha kwa kigari cha kukodi. Kizuri, cheupe, magurudumu kama ya kitoroli. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Kwenu kule Kwale unakujua, lami ikisha ni ule udongo mweusi unaomshika mtu kama deni la kale. Kigari kikazama mpaka tumboni. Tukakuchukua mabegani, mwendo wote ule, tukipokezana. Niliteleza, nikaanguka, na pembe ya jeneza ikaniangukia begani. Hukuwa mwepesi, Bakari. Ule mchuzi wa samaki wa mama yako ulikuwa umefanya kazi yake. Tukafika giza limeshaingia, tukakuzika kwa mwanga wa simu, na kaburi lilikuwa limeanza kuingia maji. Sikutaka kukwambia hilo, lakini nani mwingine nitamwambia?

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama yako. Sikubadilisha hata kanzu. Alikuwa amekaa kitandani kati ya wanawake, akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu.

"Mlifika salama?"

"Tulifika, mama. Mvua tu kidogo."

"Mvua siku hizi yanyesha kutoka chini?"

Kanzu yangu ilikuwa tope mpaka kiunoni. Akasema, mbele ya watu wote, "Sefu, mimi msinipeleke hivyo. Limalizeni lile gari."

Kutoka siku ile sikuwa na raha ya kupita kichochoro hiki. Nikipita tu, lile dirisha la juu lafunguliwa. "Sefu! Bado?" Nami hujibu, "Bado, mama." "Haya, basi na mimi bado." Na dirisha hufungwa. Majirani walicheka mwanzoni. Mimi pia nilicheka.

Nikaenda Mwembe Tayari kumtafuta fundi wa dizeli, nikampata Kazungu, yule Mgiriama atengenezaye mabasi ya bara. Ndiyo, Kazungu yule yule uliyekuwa ukisema akaza nati kama amekosana nayo. Alikuja, akaingia chini ya gari na tochi yake, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Akatoka na kusema, "Huyu marehemu alikuwa mkaidi. Karai la oili la injini hii lagonga ekseli ya mbele. Mtu mwenye akili angeiacha. Yeye amelikata karai, akalichomelea upya." Akajifuta mikono. "Na limeshika." Kwa Kazungu hayo ni maneno ya mwaka mzima.

Sahani uliyoichonga ya kuunganishia injini ngeni na gia za zamani aliigeuza, akaigonga kwa spana, akaitegea sikio kama mtu anunuaye sahani dukani. Haikuhitaji kuguswa. Iliyobaki ilikuwa kuishusha injini, kuisogeza mbele rejeta ya maji ya kupozea, kuongeza jani moja la springi kwa ule uzito, kuosha tangi na kupitisha mipira.

Siku ya kuishusha injini akanipa mnyororo nivute kidogo kidogo. Tulipofika nusu akasema ngoja, akaenda kutafuta nyundo. Mimi nikaushika mnyororo kwa mikono miwili, nikaukaza, nikafumba macho. Aliporudi akaniuliza, "Bwana Sefu, wafanya nini?"

"Naishikilia injini."

Akacheka kicheko cha gereji. "Puli hii hujishika yenyewe, bwana. Achia uone."

Nikaachia. Injini haikushuka hata kidogo. Ilikaa pale pale hewani.

Kumbe ulikuwa ukinitania, Bakari. Ulinipa mnyororo nisikuzibie njia, kama mtoto anavyopewa kijiko jikoni ili asiguse sufuria. Nilitoka nje nikasimama juani. Kazungu alidhani nimeudhika kwa kuchekwa, akaja kuniomba radhi, na sikumweleza. Sidhani kama ningekuokoa. Ningekushika tu. Ungekuwa na mkono wa mtu. Mizaha yako yote nimeisamehe, hata ile ya chumvi kwenye kahawa. Huu bado najaribu kuusamehe.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio, na aliyeanza kuivuta nyuma ni mimi. Sababu ni mama yako. Alikuwa akipungua kila nilipomwona. Uji nusu kikombe, siku nyingine hata huo haumalizi. Bi Rukia wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlisha, akanisimamisha ngazini. "Sefu, mama huyu yuwangoja gari. Likiisha tu, ataondoka."

Basi nikaanza kuona kasoro. Vishikizo vya injini havijakaa sawa. Bomba la moshi lapita karibu mno na usukani. Rangi je, tutaliacha na rangi hii? Kazungu akavumilia, akakaza, akalegeza, akakaza tena. "Bwana Sefu, wewe ni dereva au hakimu?" Ikabaki mpira wa rejeta tu. Nikatumwa dukani kwa Bhai Tayabu pale Makadara, nikanunua wa kipimo kingine. Nikarudishwa, nikanunua mfupi. Bhai mwenyewe akaniangalia juu ya miwani, "Arre, Sefu bhai, wataka mpira au wataka matembezi?"

Sikujua kwamba Kazungu alikwenda kumwamkia mama yako, na akamweleza kila kitu. Nikaitwa juu. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo, shuka imelala juu yake kama hakuna mtu.

"Sefu, mpira wa rejeta umekushinda kununua?"

"Vipimo, mama, vya..."

"Wanifungia njia, mwanangu?"

Nikajaribu mzaha. Nikamwambia akiondoka nani atanitukana dirishani. Hakucheka. Akanishika kidole kimoja, hiki cha shahada, akasema, "Mimi sitakufa kwa ajili ya gari. Nitakufa nikiitwa. Lakini nikiitwa, nataka nifike. Mwanangu alifika gizani, juu ya watu waliochoka. Mimi nataka nifike mchana, anione naja."

Nilishuka nikaenda kununua mpira. Bhai Tayabu alikuwa ameshauweka kando.

Siku ya kuliwasha Kazungu alitoa hewa kwenye mipira ya dizeli, nikapiga stata, likakohoa, likatoa moshi mweusi uliotufukuzia paka wote wa mtaa, kisha likashika. Watu wakapiga vigelegele. Nikazima ufunguo. Likaendelea. Nikauchomoa ufunguo kabisa nikamwonyesha Kazungu. Likaendelea! Kumbe dizeli haina habari na ufunguo, ile pampu yake ilikuwa na waya wa kuvuta wa kuizimia, nawe waya huo uliuacha kule kule Majengo. Fundi mzima, Bakari! "Tia gia, achia klachi!" Kazungu akapiga kelele. Nikatia, likaruka kama mbuzi, likalibomoa pipa la maji, likanyamaa.

Nikalipitisha Ndia Kuu, mpaka karibu na hapa linapoweza kufika, na Bi Rukia akamwinua mama yako dirishani. Hakuuliza "bado". Alisikiliza. "Lalia kama mashine ya kusaga mahindi," akasema. Kisha akaniangalia kwa muda, kama aangaliwavyo mtu aliyerudisha chombo cha watu kikiwa kizima, na akaomba alazwe.

Hiyo habari ya pili bila shaka umeshaipata kabla yangu. Ameondoka juzi asubuhi, baada ya kuswali kitandani. Bi Rukia alikuwa naye, amemshika mkono.

Bi Rukia na wanawake wenzake walimwosha, tukamsalia, tukamtia nyuma, na nguo ile ile ya kijani juu. Kazungu akakaa mbele pamoja nami, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti, akiisikiliza injini kama mganga. Feri tulipanda bila kusukumwa. Ng'ambo mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, lakini udongo ulikuwa ule ule. Basi dogo la waombolezaji likakwama, na watu wakashuka kutembea. Nikatia gia ya chini. Nilipita pale tulipokuteremsha wewe, nikiwa nasema bismillahi kwa sauti, na Kazungu akaweka mkono wake juu ya usukani. Lilipanda, Bakari. Polepole, kwa hasira, likirusha tope juu ya miti, lakini lilipanda.

Makaburini sikulizima. Ningeweza kwa gia, ila niliogopa halitawaka tena na wenzangu wote wako nyuma kwa miguu. Kwa hiyo mama yako amezikwa huku injini yako yanguruma nyuma ya ukuta wa makuti. Aliyemsomea talkini juu ya kaburi ilibidi apaze sauti, na wazee wakanitupia macho niliyoyastahili. Kazungu alisimama mlangoni, amevua viatu ingawa hakuna aliyemwambia. Mimi niliingia mwanandani, chini kaburini, kumpokea. Alikuwa mwepesi mno. Nilipomlaza nilikuwa na kaburi lako mkono wa kulia, nyasi zimeota, na jua lilikuwa likinichoma kisogo.

Tuliporudi, jeneza tupu lilikuwa likigongagonga nyuma njia nzima. Sijawahi kuchukia sauti kama ile.

Sasa nyumba imefungwa. Bi Rukia amegawa nguo, na mkeka wa kuswalia ameuchukua yeye. Mimi nimepewa ufunguo kwa sababu hakuna mwingine. Nikimaliza barua hii nitakwenda bandani lilipo gari, Kazungu yuaningoja na waya wa kuzimia. Amesema nitautia mwenyewe kwa mikono hii, yeye ataangalia tu. Nimemkubalia. Unaweza kucheka.

Msalimie mama. Yeye alikuwa amefumba macho, hakuona, kwa hiyo mwambie wewe: alifika kabla ya alasiri, jua lingali juu, na hakuna aliyeteleza.

Buriani, ndugu yangu. Nakuahidi hili gari halitakaa tena bila injini maadamu nina miguu ya kukanyagia klachi. Yeyote nitakayekabidhiwa na mtaa, nitamfikisha mchana.

Wako,
Sefu