Jina Langu Katika Fomu za Watu

Nyumba ya kona, mtaa wa juu
14 Agosti

Mpendwa Wifi,

Hujambo? Presha imetulia? Na goti la shemeji? Huku tunaamka salama, ila nyumba imekuwa kubwa tangu kaka yako atutoke. Bado natenga vikombe viwili, kisha narudisha kimoja.

Wifi, miezi hii miwili nilinyamaza kwa sababu nilikushuku. Nilipigiwa simu kutoka wodi ya wazazi, pale marehemu alipokuwa karani: mzazi anatoka leo, njoo umchukue, wewe ndiye mtu wake wa karibu. Simjui. Wiki iliyofuata, mwingine. Wa tatu nilikwenda kumwona. Mtoto wake ana paji la kaka yako, au niliona nilichokwenda kutafuta. Pafukapo moshi pana moto. Nikaamini alikuwa na nyumba nyingine, nanyi ndugu zake mlijua mkanificha.

Jumatatu nilimwendea karani mpya, yule wanayemwita Miwani.

"Nani ameniandika kwa wanawake hawa?"

"Hakuna, mama. Kompyuta inakujaza yenyewe."

"Imenijulia wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Akanionyesha. Marehemu alitengeneza makro, yaani maagizo aliyoyarekodi mara moja ili asichape yale yale kila siku. Unabonyeza kitufe, fomu inajijaza. Miwani akafungua fomu tupu, akabonyeza. Ikaingia tarehe, ikaingia wodi, na penye "mtu wa kuarifiwa" nikaingia mimi, jina kamili na namba ya simu. Wakati wa kuijaribu aliniandika mimi, basi nikabaki humo. Yeye alizoea kunifuta kwa mkono kila fomu. Miwani hakujua, mzazi asiyetaja mtu akapewa mimi.

Unakumbuka alivyokuwa akijaribu kalamu mpya? Kila bahasha humu ndani ina jina langu mgongoni. Nililia pale pale dirishani pa karani, watu wakiwa kwenye foleni. Nisamehe, wifi.

Miwani aliuliza kama anifute. Nikamwambia anitoe kwenye makro, ila kwenye fomu ya yule wa tatu aniache. Mzazi huyo aliacha pale wazi kwa kuwa hana wa kumwandika. Kesho nampelekea mtoto sweta. Paji lake bado nitalitazama. Shaka haitoki siku moja.

Nisalimie shemeji, shangazi na wale pacha watundu. Mungu awafunike kwa amani yake.

Wifi yako akupendaye, aliyekushuku bure,
Mke wa mjomba wa pacha