Twiga wa Gasana na Shingo ya Mama Mutoni

Jumatatu, 13 Oktoba

Twiga amesimama! Miezi saba ya kubomoa na kujenga, leo amesimama na hajaanguka. Jina kampa Gasana, fundi wetu wa vifaa hapa kliniki. Mashine ya kupima shingo, anasema, ungeiita nani mwingine? Tulicheka mpaka mama wa usafi akaja kuchungulia.

Kusema kweli ni kiti tu. Juu yake helmeti ya pikipiki imefungwa kwenye chuma isisogee, na nyuma ya chuma kuna mizani ya betri. Mgonjwa anakaa, anavaa, anasukuma kwa kichwa – mbele, nyuma, kushoto, kulia. Skrini inasema kilo ngapi. Kisha tunalegeza chuma, anageuza shingo, skrini inasema digrii ngapi. Basi! Miaka kumi na moja nimepima shingo za watu kwa kiganja changu na kuandika "nguvu ya wastani". Najiuliza: wastani wa nini, Praxeda? Hata mimi sijui.

Nimesukuma kilo 11. Gasana 14, akatembea kifua mbele siku nzima. Twiga kampaka rangi nyeupe, anang'aa kama friji la dukani. Na kitambaa! Mkewe amefuma kitambaa cha maua cha kumfunika asiingie vumbi. Gasana anakitoa kwa ncha za vidole, kama anafunua keki ya harusi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mgonjwa wa kwanza: Mama Mutoni. Jina lake Mukankusi, anauza maparachichi soko la Kimironko, na ni jirani yangu huku Batsinda. Mwezi wa tano alianguka na pikipiki. Kavaa kola ya shingo miezi mitatu, sasa kaivua, lakini Daktari Bayingana amemkataza kubeba kitu kichwani. Kwa hiyo binti yake, Mutoni, ameacha kujifunza cherehani ili abebe vikapu yeye. Hilo linamuuma mama yake kuliko shingo.

– Shingo iko mzima, muganga. Wewe pima tu.

(Hapa kila mwenye koti jeupe ni muganga. Nimeshazoea.)

Nimepima. Kilo 4.

Nne! Nimerudia. Nne, nne, tatu na nusu. Inauma? Hapana, iko sawa. Akatabasamu, akanishukuru kwa mikono miwili, na nusura akishukuru na kiti.

Alhamisi, 16 Oktoba

Daktari Bayingana kaiona karatasi. Kilo 4, anasema, huyu hata sufuria tupu asibebe. Anataka 12 za kusukuma nyuma, na ageuke digrii 60 kila upande. Kushoto hasa – ndiko alikoumia. Tunarudia Ijumaa ya tarehe 31, mbele ya macho yake. Zikifika, anasaini, mama anarudi kwenye kikapu chake. Zisipofika, anaandika: asibebe kichwani tena, maisha yake yote.

Nimempelekea Mama Mutoni tarehe. Hiyo ya "maisha yake yote" sijamwambia. Mdomo umekataa.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilitaka shingo zisizo na ugonjwa za kulinganisha. Mutoni kaniletea wanawake sita wa sokoni, wazima, kila mmoja anabeba kikapu cha kilo ishirini na tano bila kukishika. Wameingia mmoja mmoja, wamepaka mafuta, wamenyooka.

4. 5. 4. 3. 5. Na yule anayeuza mahindi, mwenye shingo kama nguzo ya umeme – 3!

Jamani! Mimi ninayebeba kipochi nina 11!

Gasana kaning'iniza sukari ya kilo tano: 5. Kaongeza nyingine: 10. Mizani haidanganyi. Nani sasa anadanganya?

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku tatu tunakagua waya kwa waya. Hamna kitu. Imebaki wiki moja. Nimemfokea Gasana bure, halafu nikamnunulia chai na chapati kumwomba radhi. Kanisamehe kwenye chapati ya tatu.

Jumamosi, 25 Oktoba

NIMEJUA! Mungu wangu, nimejua!

Leo umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mtaa mzima tunachimba mtaro wa maji ya mvua. Yule mama wa mahindi naye anakaa huku. Kulikuwa na kisiki katikati ya njia. Kakifunga kamba kuukuu, kavuta mpaka kamba ikakatika, akaanguka chali, akacheka, akafunga nyingine. Kisiki kikang'oka. Huyo ndiye mwenye kilo tatu!

Halafu wakampa toroli jipya la mtaa. Likiwa na plastiki yake bado. Katia sepetu tatu za udongo, akalisukuma kama amelaza mtoto humo. Nikamuuliza mbona hajazi? Kanishangaa.

– Ni ya watu hii, muganga. Na iko mpya.

Nikasimama na jembe langu mkononi. Nikamgeukia Mama Mutoni, aliyekuwa kando anagawa maji ya kunywa. Mama Mutoni, siku ile ulisukuma kwa nguvu zako zote? Akatazama chini. Akakung'uta sketi yake isiyo na vumbi.

– Nilisukuma kwa adabu.

Kwa adabu! Eti kitu cheupe vile, cha hospitali, mke wa fundi amekifumia na kitambaa – yeye akivunje? Uso atauweka wapi? Na wale sita wote hivyo hivyo. Nimekaa mtaroni nikacheka mpaka machozi. Miezi saba tumeunda mashine ya kupima heshima!

Jumatatu, 27 Oktoba

Gasana nusura alie. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ananiambia, na wewe unataka nikiharibu kizuri changu? Nikamwambia kizuri chako kinatudanganya, fundi. Akachukua msasa, akaanza kukwangua.

Rangi imetoka. Kitambaa kimerudi nyumbani na salamu nyingi. Chuma tumekibadilisha, tumeweka ubao wa benchi lililovunjika. Helmeti tumepewa na dereva wa pikipiki hapo nje, ina ufa na stika ya timu iliyobanduka nusu. Kila kitu kimekazwa kwa mpira wa tairi. Twiga sasa anaonekana kaokotwa jalalani. Mzuri huyo!

Jumatano, 29 Oktoba

13! 16! 14! 17! 15! Na mama wa mahindi – 21! Kapiga kelele, wenzake wakapiga makofi. Gasana kaja kunong'ona, "dada, shingo hii ingenibeba mimi." Leo kanisamehe kabisa.

Mama Mutoni sijampima. Daktari kasema anataka kuona mwenyewe mara ya kwanza.

Lakini kuna jambo. Jioni nimemwita pale kisimani, nikiwa kushoto kwake. Hakugeuza shingo. Kageuka mwili mzima, mabega na miguu, kama bado ana kola. Sijui ni maumivu au ni mazoea. Nikimuuliza nitaambiwa iko sawa. Naogopa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Saa nne na robo. Naandika nimekaa dirishani chumba cha mazoezi, maana nisipoandika nitamgombeza mtu. Gasana yuko sakafuni na bisibisi.

Mama Mutoni alikuja na binti yake, mwenyewe kavaa gauni la kanisani. Daktari kakaa pembeni na kalamu. Nikamwambia mama: hiki kibovu, unakiona. Kivunje. Kweli, muganga? Kweli!

Akavaa helmeti, akashika magoti, akasukuma nyuma. 6. 8. 10 – pa! Ubao ukapasuka, waya ukachomoka, skrini giza.

Kisha "Mbabarira! Mbabarira!" – nisamehe, nisamehe – mikono mdomoni, na kabla sijamshika kashatoka mlangoni. Mkoba kauacha kitini. Mimi mjinga ndiye niliyemwambia avunje!

Daktari kaandika: 10. Nikamwambia ilikuwa bado inapanda! Nimeona kumi, kasema, bila ubaya. Na kushoto hatujapima kabisa. Anasubiri mpaka saa tano, kisha anaandika alichonacho. Mutoni kakimbilia barabarani kumtafuta mama yake.

Saa tano kasoro dakika tano. Gasana bado. Daktari kafungua kalamu.

Ngoja.

Anapanda mlima kutoka sokoni. Ni yeye! Gauni la kanisani, na kikapu. Kichwani! Kimejaa maparachichi mpaka juu, fidia ya mashine yetu – huku mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Na mikono yenyewe iko chini, yote miwili. Kilima chote kile na matope ya mvua ya jana!

Nimemwita daktari. Kaja, kasimama karibu yangu. Gasana naye kaja, bisibisi mdomoni.

Mutoni kamwona mama yake, anatoka mbio upande wa geti, anapaza sauti: Mama! Mama!

Anatokea kushoto kwa mama yake.

Mama Mutoni kasimama. Miguu hajaisogeza. Mabega hajayasogeza. Shingo inageuka, polepole, na kikapu kinageuka nayo, hakuna parachichi lililoanguka, bado inageuka –

Daktari ananiuliza, macho hayatoki dirishani: dada, hizo ni digrii ngapi?